Maadili na umahiri wa mwanasaikolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina mbili. Kuna wanaotafuta msaada na hawajui wana haki ya kudai nini, na kuna wahitimu wapya waliokabidhiwa mteja wa kwanza wakiwa bado na jasho la mtihani. Tumeyachanganya makusudi. Mteja akijua mwanasaikolojia anabanwa na nini, hadanganyiki kirahisi. Na mwanasaikolojia akijua kwamba mteja anajua, hujichunga zaidi. Mifano mingi ni ya Kenya, ambako kuna sheria mahususi ya taaluma hii, lakini msomaji wa Tanzania au Uganda hatapotea njia.

Mwanasaikolojia, mshauri nasaha, daktari wa magonjwa ya akili: nani ni nani?

Daktari wa magonjwa ya akili alisomea udaktari kwanza, kisha akabobea. Huyo ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea fikra, hisia na tabia za binadamu. Hutibu kwa mazungumzo yenye mbinu, na akiwa amefunzwa hupima pia. Mshauri nasaha kazi yake inakaribiana na hiyo, ila kwa kawaida hashughulikii vipimo vizito. Mwanasaikolojia akikwambia uache dawa ulizopewa na daktari, amevuka mpaka hata kama nia yake ni njema. Alilopaswa kufanya ni kukuomba ruhusa azungumze na daktari huyo.

Nitajuaje kwamba huyu ana ruhusa ya kufanya kazi?

Muulize, tena kabla ya kulipa. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kusajili na kutoa leseni. Omba namba ya usajili na leseni ambayo muda wake haujaisha, kisha ulinganishe na kumbukumbu za bodi. Uanachama wa chama cha wataalamu ni jambo zuri, lakini hauchukui nafasi ya leseni. Cheti cha semina ya siku tatu kilichotiwa fremu na kutundikwa ukutani nacho hakichukui. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Kanuni hizi za maadili si za Wazungu?

Asili yake kwa kiasi kikubwa ni huko, ndiyo. APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, kilitoa kanuni zake za kwanza mwaka 1953, na namna zilivyopatikana inafaa kujulikana. Kamati haikujifungia chumbani kutunga. Iliwaomba wanachama waandike visa halisi vilivyowatatiza kazini, ikapokea zaidi ya elfu moja, kanuni zikachambuliwa humo. Mwaka 2008 huko Berlin, muungano wa kimataifa wa wanasaikolojia ulipitisha azimio lenye misingi minne: kuheshimu utu wa watu na jamii zao, kumjali mtu kwa umahiri, uadilifu, na wajibu wa taaluma kwa jamii.

Misingi hiyo si migeni kwetu. Kinacholeta shida ni utekelezaji. Kanuni inachukulia kwamba mteja anakuja peke yake, anakaa kwenye kiti, mlango unafungwa. Hapa kwetu mgonjwa huletwa na mama, kaka na jirani mwenye gari, na wote wanatarajia kuingia. Kuwafukuza ni kumpoteza mgonjwa. Kuwaacha wote ndani ni kumziba mdomo. Wengi wetu huanza na wote kwa dakika kumi, tukasikiliza kila mmoja anaogopa nini, kisha tukawaomba kwa heshima watupishe.

Na kanuni kuwa kwenye karatasi si kinga. Mwaka 2015 uchunguzi huru ulionyesha kwamba baadhi ya viongozi wa APA yenyewe walishirikiana na maofisa wa wizara ya ulinzi ya Marekani ili miongozo ya maadili isiwabane wanasaikolojia waliohusika na mahojiano ya wafungwa walioshukiwa ugaidi, mahojiano yaliyolaumiwa kuwa na mateso. Agosti mwaka huohuo baraza la chama likapiga marufuku wanachama kushiriki mahojiano ya namna hiyo.

Nikikuambia jambo, litaishia hapa?

Karibu kila jambo, ndiyo. Mwanasaikolojia anayekujibu “kila kitu ni siri kabisa” hajakwambia ukweli, kwa sababu kuna milango ambayo hana budi kuifungua: uhai wako ukiwa hatarini, mtu mwingine anayejulikana akiwa hatarini kwa sababu yako, mtoto anapodhulumiwa, au mahakama inapoamuru. Mipaka hii hutajwa kikao cha kwanza, kabla mtu hajamwaga la moyoni.

Suala la kumlinda mtu wa tatu lina historia yake. Mwaka 1969 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California alimwambia mtaalamu wake kwamba anakusudia kumuua msichana fulani. Polisi wa chuo walijulishwa, wakamhoji kijana, wakamwachia. Msichana na familia yake hawakuambiwa lolote. Aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa kumlinda anayelengwa. Hukumu hiyo haitufungi sisi kisheria, lakini hakuna darasa la maadili ambalo halijaijadili.

Kuhusu kujiua, watu wengi walikuwa wananyamaza kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo leo, ukiwa Kenya, tukikuuliza waziwazi kama unawaza kufa, jibu bila hofu ya pingu.

Hata mlango unapofunguliwa, hufunguliwa kiasi. Ikilazimu kumpigia dada yako asikuache peke yako usiku huu, dada ataambiwa hilo. Hataambiwa habari za ndoa yako. Na wewe ndiwe wa kwanza kujua kwamba simu itapigwa. Mara nyingi tunapiga ukiwa umekaa hapohapo.

Mkuu wa shule anataka orodha ya wanafunzi wanaokuja kwangu na sababu zao. Yeye ndiye aliyeniajiri.

Mpe idadi na mambo yanayojitokeza kwa jumla: wasiwasi wa mitihani, misiba, uonevu bwenini. Majina na sababu hapana. Jambo hili lijadiliwe siku ya kusaini mkataba, maana siku mkuu amekasirika mbele ya bodi ya shule ni vigumu kuanza kumfundisha maadili.

Mimi ndiye mzazi, mimi ndiye ninayelipa. Kwa nini nisiambiwe alichosema mwanangu?

Utaambiwa mambo ya usalama, na utaambiwa kazi inaendaje. Hutasomewa kila neno. Binti wa miaka kumi na tano akijua kila anachosema kinafika mezani jioni, atakaa saa nzima akitazama viatu vyake, nawe utakuwa umelipia kimya. Mapatano haya hufanywa mkiwa wote chumbani, mtoto akisikia. Palipo na dhuluma dhidi ya mtoto, hata kama mdhulumu ni wa nyumbani, hatuna hiari ya kunyamaza. Namba 116 hupokea simu za watoto bila malipo Kenya na Tanzania, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Nimewekewa karatasi nisaini. Hiyo ndiyo ridhaa?

Sahihi ni ushahidi wa ridhaa, basi. Ridhaa yenyewe ni pale ulipoelezwa kwa lugha unayoielewa ni nini kitafanyika, kwa muda gani, kwa bei gani, usiri unaishia wapi, na kwamba unaweza kuacha wakati wowote bila kugombezwa. Ukiambiwa tu “weka sahihi hapa na hapa,” bado hujaridhia chochote.

Ninafanya kazi Lamu. Kila mteja ni ndugu, jirani au mtoto wa mwalimu wangu. Nitaepukaje uhusiano wa pande mbili?

Hutauepuka wote, na kanuni makini hazikudai hivyo. Zinachokataa ni uhusiano unaoweza kuharibu uamuzi wako au kumdhuru mteja. Kukutana naye sokoni au kwenye arusi si kosa. Kumkodisha chumba, kumkopa, kumpa kazi dukani mwako ni kosa hata kama yeye ndiye aliyependekeza. Ndugu wa karibu mpeleke kwa mwenzako, hata kama mwenzako yuko Malindi na vikao vitakuwa kwa simu.

Ulizeni mapema mtasalimianaje nje. Wengine wanataka uwasalimie kama kawaida, maana kuwapita kimya ndiko kutakakozua maswali. Wengine wanapenda usiwatambue kabisa. Mwachie yeye achague.

Kuhusu zawadi, sikubaliani na wale wanaofundisha kukataa kila kitu. Bibi aliyekuletea embe sita kutoka shambani kwake siku ya kikao cha mwisho, ukimrudishia umemtukana. Pokea, shukuru, andika kwenye faili. Lakini simu mpya, fedha za ada ya mwanao, au embe hizohizo zikianza kuja kila wiki na kikao kikaanza kurefuka kwa sababu yake, hapo kaeni mzungumze. Katika mashauri ya uvunjaji mipaka ninayoyafahamu, mwanzo haukuwa uovu. Ulikuwa lifti siku ya mvua, ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku wa kumtuliza mtu, punguzo la ada lisiloandikwa popote. Mtaalamu alijiona mwema. Swali linalosaidia ni dogo: ningefanya hivi kwa mteja mwingine, na ningemweleza msimamizi wangu bila kuruka sehemu?

Mapenzi kati ya mtaalamu na mteja?

Hapana. Hakuna mazingira yanayoyahalalisha tiba ikiendelea, hata mteja akiwa mtu mzima na akiwa ndiye aliyeanza. Kwa aliyekuwa mteja, APA inataka ipite angalau miaka miwili, na hata baada ya hapo mzigo wa kuonyesha kwamba hakuna unyonyaji unabaki kwa mtaalamu. Likikupata kama mteja, kosa si lako.

Nilijaziwa dodoso nikaambiwa nina sonona. Ni sawa?

Inategemea kilichofuata. Dodoso linalotumika sana ni PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kwa kawaida alama 10 kwenda juu huashiria haja ya kuangaliwa zaidi. Kuashiria ndiyo kazi yake. Mjane aliyefiwa wiki iliyopita anaweza kupata 18, mwenye tezi la shingoni lenye hitilafu vilevile, na wote wawili wanahitaji mazungumzo kabla ya jina la ugonjwa.

Kwa wahitimu: litazameni swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nimeona mafaili ambamo mteja amejibu “karibu kila siku” na karatasi ikafungwa na pini, ikaingia kabatini. Ukiuliza swali hilo lazima uwe na nusu saa ya kulisikiliza jibu. Na usimwachie mtu asiyesoma vizuri alijaze peke yake barazani, jirani akichungulia begani. Msomee, mlango ukiwa umefungwa.

Vipimo vya akili vilivyotungwa na kusanifiwa kwa watoto wa nchi nyingine ni jambo zito zaidi. Mtoto ambaye hajawahi kupanga vitalu vya rangi hawezi kulinganishwa na aliyekulia navyo, kisha akaitwa mzito. Ukilazimika kukitumia kipimo hicho, ripoti iseme hivyo kwa maneno yanayoonekana.

Mteja anazungumza Kisomali tu. Shangazi yake amejitolea kutafsiri.

Mshukuru shangazi, umpe chai, umtafute mkalimani asiye wa familia. Yawezekana shangazi ndiye habari yenyewe. Na hata akiwa mwema, atalainisha: mteja atasema maneno mengi kwa uchungu, wewe utaletewa “anasema amechoka.” Mkalimani naye huapishwa usiri na kuelezwa kwamba kazi yake ni kusema kilichosemwa, pamoja na kisichopendeza. Ikiwa ni dharura na hakuna mwingine, endelea na shangazi kwa mambo ya usalama tu.

Naamini tatizo langu ni majini. Mtanicheka?

Tukikucheka tumevunja msingi wa kwanza kabisa. Tutakuuliza umeshapita wapi, umepewa nini unywe au ujifukize, na kama kuna dawa za hospitali ulizoachishwa. Kisomo na sala havigombani na tiba. Kufungwa kamba, kunyimwa chakula na kupigwa tutavipinga, nawe tutakwambia kwa nini. Upande wa pili pia una sheria yake: mwanasaikolojia ambaye ni mchungaji au ustadhi lazima ajue saa hii amevaa kofia ipi, na asiubadilishe muda uliolipia uwe mahubiri.

Niko Doha, nafanya kazi za ndani. Naweza kupata mwanasaikolojia wa nyumbani kwa simu?

Wengi hufanya hivyo, na kuzungumza kwa lugha yako kuna faida ambayo hakuna aliye karibu anaweza kukupa. Mtaalamu makini atakwambia kwanza kwamba leseni yake ni ya Kenya na huenda haitambuliki uliko, kwa hiyo kuna mambo asiyoweza kukufanyia, kama kukuandikia ripoti ya kutumika huko. Kila kikao kitaanza na maswali yaleyale: uko wapi sasa hivi, kuna nani karibu, simu ikikatika nimpigie nani? Yanachosha, lakini siku hali ikichacha ndiyo yanayookoa. Kubalianeni na neno la kuashiria kwamba mwajiri ameingia chumbani, ili mazungumzo yageuke ya kawaida papo hapo. Futa kumbukumbu ya simu ukiona inakuletea hatari.

Naweza kutumia programu ya akili bandia kuandika maelezo ya vikao?

Ukibandika maneno ya mteja kwenye huduma ya bure mtandaoni umeyatoa ofisini mwako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022. Kuondoa jina hakutoshi. “Mwalimu wa kike wa fizikia, pacha, kutoka kijiji fulani” ni mtu mmoja tu duniani. Kama kuna chombo chenye mkataba wa ulinzi wa data, mteja aambiwe na akubali. Na bado wewe ndiye unayesaini, hivyo kosa la mashine ni lako.

Redio imenialika niseme kama mwanasiasa fulani ana kichaa.

Kataa sehemu hiyo. Madaktari wa akili wa Marekani walijiwekea marufuku hiyo mwaka 1973, baada ya jarida moja kuwaandikia wenzao mwaka 1964 likiwataka watoe hukumu juu ya mgombea urais Barry Goldwater ambaye hawakumpima. Eleza wasiwasi ni nini, eleza msaada unapatikana wapi. Jina la mtu liache.

Baada ya shambulio au mafuriko, tukimbilie kuwasimulisha watu yaliyowapata?

Hapana. Zamani kikao kimoja cha kumtaka kila mtu aeleze alichokiona kilidhaniwa kinazuia kiwewe. Utafiti haukuunga mkono, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisifanywe. Badala yake, mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Maji, blanketi, simu ya kuwasiliana na nyumbani, orodha sahihi ya waliopelekwa hospitali. Anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka aachwe. Na mtaalamu asiyeitwa na asiyeratibiwa na mtu yeyote abaki kwao. Kambi huwa tayari imejaa vizibao vyenye nembo.

Umahiri unapimwaje? Nina shahada ya uzamili, bado msimamizi ananiambia nisipokee kesi fulani.

Shahada inasema umefunzwa kwa upana. Kutathmini mzazi yupi alee mtoto kwa ajili ya mahakama, kumtibu mwenye tatizo la kula, kupima kumbukumbu baada ya kiharusi: kila moja ina mafunzo yake. Njia ya kuingia eneo jipya ni kusoma, kufanya chini ya macho ya anayelijua, ndipo ukafanya peke yako. Usimamizi hauishi ukipata leseni. Wakongwe wazuri ninaowajua wote wana mtu wanayempelekea kesi zinazowasumbua.

Umahiri pia hupungua. Uliyefiwa, uliyeanza kulewa, unayeitazama saa kila mteja anapoketi, punguza kazi au pumzika. Si aibu. Aibu ni mteja kugundua kabla yako.

Malipo yakoje?

Ada hutajwa kabla ya kikao cha kwanza, pamoja na gharama ya kukosa kikao bila taarifa. Kamisheni ya kumpeleka mteja kwa fulani ni marufuku, iwe imeitwa nauli au asante. Na muwe waangalifu na M-Pesa: jina la biashara lenye neno “tiba ya akili” hutokea kwenye simu ambayo mume au mke naye huishika.

Nimedhulumiwa na mwanasaikolojia. Nianzie wapi?

Andika tarehe, kilichosemwa, kilichofanyika, wakati kumbukumbu ingali mbichi. Tunza ujumbe na risiti. Jambo dogo, kama kuchelewa au ada isiyoeleweka, mara nyingi huisha kwa kumwambia mwenyewe au mkuu wa kituo. Jambo zito lipeleke kwa bodi, na kama ni jinai, kwa polisi pia. Huhitaji kusubiri mmoja amalize ndipo uende kwa mwingine. Lolote utakalofanya, mtaalamu haruhusiwi kukunyima faili au rufaa ya kwenda kwa mtaalamu mwingine kwa kukukomoa.

Nikihama au mtaalamu wangu akifariki, faili langu linakwenda wapi?

Una haki ya kujua kilichoandikwa kukuhusu na kuomba kosa lirekebishwe. Ukihama, unaweza kuomba muhtasari upelekwe kwa mtaalamu mpya, na wewe ndiwe unayesema upelekwe upi. Mwanasaikolojia wa ofisi binafsi anatakiwa awe ameandika mapema ni mwenzake yupi atakayeshika funguo za kabati na nywila ya kompyuta akifa au akiugua ghafla, atakayewapigia wateja, na mafaili yatateketezwa lini. Mjane wake hatakiwi kuyafungua kutafuta nani bado anadaiwa. Muulize wako kama ameshaiandika karatasi hiyo, wengi hawajaandika.